Mwongozo kamili wa kuchagua mvinyo bora wa Kifaransa kwa stoo ya nyumbani

Mvinyo mwingi unaotengenezwa Ufaransa haufai kuwekwa. Umetengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu, na ukiulaza kabatini miaka minane utakuta kitu kilichochoka: tunda limekwisha, harufu imefifia, umebaki uchachu na kilevi. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kila chupa ni hili: ikingoja, itapata nini? Chupa isiyo na jibu ni ya kunywa wiki hii, hata kama lebo yake ina picha ya kasri.

Mvinyo hungoja kwa nguvu ya vitu vinne: tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa sana na majani, uchachu, sukari, na uzito wa tunda lenyewe. Mwekundu wa Bordeaux huishi kwa tanini, Riesling, mweupe wa Alsace, kwa uchachu, na Sauternes, mtamu wa Bordeaux, kwa sukari na uchachu pamoja. Lakini tunda ndilo linalobeba yote. Mvinyo wenye tanini kali na tunda dogo haukomai, unazeeka tu. Tanini italainika siku ambayo hakuna tena kitu cha kuonja chini yake. Unapoonja mvinyo mchanga, umeze kisha uhesabu: ladha ya tunda ikibaki mdomoni sekunde kumi au zaidi baada ya ukakasi kupita, huo una cha kungojea.

Baridi kwanza, chupa baadaye

Usinunue chupa ya kuweka kabla ya kuwa na mahali pa kuiweka. Kiwango kinachotakiwa ni 12 hadi 13°C, giza, unyevu wa hewa wa asilimia 60 hadi 75, na utulivu. Joto kushuka hadi 10 au kupanda hadi 15 polepole kufuata majira si kosa. Kosa ni kupanda na kushuka kila siku. Mvinyo ukipata joto hutanuka na kusukuma kizibo; ukipoa hunywea na kuvuta hewa ndani. Miezi kadhaa ya mchezo huo inatosha kuharibu chupa ambayo kwa macho haina kasoro. Zaidi ya 25°C kwa muda mrefu, tunda huanza kupikika na kunuka jamu, na hilo halirudi nyuma.

Ufaransa mashambani kazi hii hufanywa na handaki chini ya nyumba ya mawe. Anayeishi ghorofani Lyon hana handaki, na mwenye nyumba Dar es Salaam au Mombasa ndiye hana kabisa. Nyanda za juu kama Nairobi, Arusha au Kigali, chumba kisichopigwa jua kinaweza kutunza chupa za mwaka mmoja au miwili, lakini za kungoja miaka kumi hapana. Kwa wote hawa jibu ni friji ya mvinyo, na ndipo fedha za mwanzo ziende. Friji ya kawaida ya jikoni haifai kwa muda mrefu: iko karibu na 4°C, hewa yake ni kavu, na vizibo hukauka na kunywea.

Angalia mambo haya kabla ya kulipa:

- Iwe ya kompresa. Zile ndogo zisizo na kompresa, zinazopoza kwa kibamba cha umeme, hushindwa chumba kikifika 30°C. Zitafanya kazi usiku na mchana bila kufikia kiwango ulichoweka.
- Soma herufi za daraja la hali ya hewa kwenye kibandiko cha nyuma. N ni ya chumba cha 16 hadi 32°C, ST hadi 38, T hadi 43. Kwa pwani chukua ST au T. Friji ya N iliyoletwa kwa bei nafuu haitadumu Januari ya Mombasa.
- Idadi ya chupa inayotangazwa ni ya chupa za Bordeaux, zilizo nyembamba na zenye mabega. Chupa za Burgundy na Champagne ni nene. Toa robo ya idadi hiyo ndipo upate ukweli.
- Kwa kuweka, joto moja linatosha. Friji zenye sehemu mbili za joto ni za kuandalia mezani.
- Mlango wa chuma ni bora kuliko wa kioo. Kama ni kioo, kiwe cheusi chenye kuzuia mwanga wa jua.

Iweke kwenye stabilaiza, mbali na jiko na dirisha, na uache nafasi ya nyuma ambayo kijitabu chake kinataka. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friji iliyojaa chupa hukaa na baridi yake kwa saa nyingi kwa sababu mvinyo wenyewe ni akiba ya baridi. Iliyo nusu tupu hupata joto upesi zaidi. Weka ndani kipimajoto chako mwenyewe, katikati ya chupa, maana namba ya mlangoni hupima hewa, haipimi mvinyo.

Chupa zenye kizibo cha gome zilazwe ili mvinyo ulowanishe kizibo. Champagne inaweza kusimama bila madhara.

Kisha hesabu nafasi, na hapa wengi hujidanganya. Zidisha chupa za kuweka unazokusudia kufungua kwa mwaka mara miaka ya kungoja. Chupa mbili kwa mwezi ni 24 kwa mwaka. Zikingoja miaka minane unahitaji nafasi 192. Friji ya chupa 50 inamtosha mtu anayefungua chupa sita za namna hiyo kwa mwaka. Ukijua hivyo hutajaza rafu kwa vitu vya kunywa wikiendi hii.

Neno moja, maana tano

Kabla ya kutazama maeneo, ondoa mtego mmoja: maneno *Grand Cru*. Burgundy yana maana ya shamba. Daraja liko ardhini, na yeyote mwenye mistari ya mizabibu pale hulipata. Orodha ya Bordeaux ya 1855 inahusu château, yaani jina la mzalishaji. Champagne ni kijiji kizima, na viko 17. Alsace ni miteremko 51 iliyotajwa kisheria. Halafu kuna Saint-Émilion, ambako *Saint-Émilion Grand Cru* ni jina la asili ya mvinyo lenye masharti mepesi na hubandikwa kwenye mamia ya lebo; kinachohesabika pale ni neno la ziada, *Grand Cru Classé*. Muuzaji akikuambia tu "hii ni Grand Cru", muulize ya wapi.

*Premier Cru* nayo inageuka: Bordeaux ni kilele, Burgundy ni daraja la pili kutoka juu.

Bordeaux: uti wa mgongo wa stoo

Anza hapa, kwa sababu ya kawaida kabisa: chupa ni nyingi, zimeandikwa vizuri, na nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kungoja. Mito Garonne na Dordogne hukutana na kuwa Gironde. Ukingo wa kushoto, Médoc na Graves, una changarawe inayotunza joto na kupitisha maji. Cabernet Sauvignon, zabibu inayochelewa kuiva, hupapenda. Ndipo palipo Saint-Estèphe, Pauillac, Saint-Julien, Margaux na Pessac-Léognan. Ukingo wa kulia una mfinyanzi na chokaa, na Merlot ndiyo inayotawala Pomerol na Saint-Émilion. Kwa stoo tofauti ni hii: kushoto huanza kwa ukali na huchelewa, kulia hulainika mapema.

Orodha ya 1855 ilitengenezwa na madalali wa Bordeaux kwa ajili ya maonyesho ya Paris, wakipanga château kwa bei zilizokuwa zikiuzwa. Leo ina château 61 za mvinyo mwekundu katika madaraja matano, na badiliko kubwa ni moja tu: Mouton Rothschild kupandishwa daraja la kwanza mwaka 1973, kuungana na Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Orodha inashika jina, haishiki ardhi. Château ikinunua shamba la jirani ndani ya eneo lake, shamba hilo linaingia chini ya jina hilo. Kwa hiyo daraja halikuambii ubora wa leo. Lynch-Bages ni ya daraja la tano, lakini bei yake hushindana na nyingi za daraja la pili, na wanywaji hawalalamiki.

Achana na madaraja ya kwanza mpaka stoo iwe na umri. Chupa moja ya Latour ni bei ya kreti nzima ya kitu kizuri, na chupa moja haikufundishi jinsi mvinyo unavyokua. Mahali pa fedha ni katikati: Grand-Puy-Lacoste ya Pauillac, Langoa Barton ya Saint-Julien, d'Issan ya Margaux, Cantemerle ya Haut-Médoc. Katika mwaka mzuri hizi hutaka miaka 10 kabla ya kufunguliwa na huweza kwenda 25. Chini yake kuna wasio katika orodha ya 1855 wanaofanya kazi ya wenye daraja: Sociando-Mallet, Phélan Ségur, Chasse-Spleen, Poujeaux. Na kuna Cru Bourgeois, daraja jingine la Médoc, iliyogawanywa katika Cru Bourgeois, Supérieur na Exceptionnel. Hizo ni za miaka 5 hadi 12. Ukingo wa kulia, badala ya Pomerol chukua Fronsac au Lalande-de-Pomerol.

Mvinyo wa pili wa château kubwa, kama Carruades de Lafite, hutokana na mizabibu michanga na mapipa yaliyoachwa nje ya mvinyo mkuu. Ni mzuri, hukomaa mapema, ila bei yake imebebwa na jina la kaka yake. Mwenye nia ya kuweka atapata zaidi kwa mvinyo mkuu wa château ya kati.

Maneno *Grand Vin de Bordeaux* kwenye lebo si daraja. Yako hata kwenye chupa za bei ya chini kabisa dukani.

Burgundy: jifunze majina ya watu

Hapa ngazi ni nne: ya mkoa (Bourgogne), ya kijiji, Premier Cru na Grand Cru. Mwekundu karibu wote ni Pinot Noir, mweupe karibu wote ni Chardonnay. Ungedhani ni rahisi. Ugumu ni kwamba shamba moja lina wenyewe wengi. Clos de Vougeot ni hekta 50 hivi zilizogawanywa kwa wamiliki wapatao 80. Wote huandika Grand Cru, na kati ya mwenye kona ya juu anayepunguza mavuno na mwenye kona ya chini inayotuama maji anayevuna kupita kiasi kuna tofauti kubwa kuliko kati ya vijiji viwili. Kwa hiyo nunua jina la mzalishaji kwanza, kisha kijiji, kisha shamba. Mvinyo wa kijiji wa mtu makini humshinda mzembe mwenye Grand Cru, tena kwa bei ya chini mara kadhaa.

Vijiji vilijiongezea majina ya mashamba yao maarufu: Gevrey iligeuka Gevrey-Chambertin mwaka 1847. Chambertin peke yake ni Grand Cru. Gevrey-Chambertin ni kijiji. Muuzaji asiyejua, au anayejua sana, atakuuzia cha pili kwa hadithi ya cha kwanza.

Bei za vijiji maarufu vya Côte de Nuits, ukanda wa Gevrey na Vougeot, zimepanda kupita akili. Pita pembeni: Marsannay na Fixin kaskazini, Savigny-lès-Beaune na Santenay kusini, Mercurey na Givry chini zaidi. Wekundu hawa wakitoka mikono mizuri hungoja miaka 5 hadi 10. Premier Cru miaka 8 hadi 15. Wafanyabiashara wanaonunua zabibu na mvinyo kwa wakulima, kama Joseph Drouhin na Louis Jadot, ni mlango salama wa kuingilia kwa sababu chupa zao hufika mbali na hazitofautiani sana.

Weupe wana onyo lao. Tangu mavuno ya katikati ya miaka ya 1990, chupa nyingi za Burgundy nyeupe, hata za gharama, zimeonekana kuzeeka kabla ya wakati: rangi ya dhahabu iliyoiva, harufu ya tofaa lililochubuka. Ndani ya kreti moja, chupa tatu zinaweza kuwa salama na mbili zimekufa. Sababu zinazotajwa ni vizibo, salfa kidogo mno, na namna ya kukamua zabibu. Dawa kwa mnunuzi: usizidishe miaka 5 hadi 7 kwa Premier Cru za Meursault au Puligny-Montrachet, na upendelee wazalishaji walioingia kwenye vizibo vya Diam, vinavyotengenezwa kwa gome lililosagwa na kusafishwa kwa kaboni dioksaidi. Chablis Premier Cru na Saint-Aubin ndizo mahali pa kuanzia. Chablis nzuri huvuka miaka minane bila shida, na wengi hushangaa ilivyo ya bei ya kiasi ikilinganishwa na jirani zake.

Kwingineko

Rhône kaskazini ni Syrah kwenye miteremko ya matale. Cornas ndiyo chaguo la mwenye stoo: nyeusi, yenye pilipili na ukali, hutaka miaka 8, kisha inakuwa kitu kingine kabisa. Côte-Rôtie ni laini na ghali zaidi. Hermitage ni kilima kimoja cha hekta zipatazo 140 na chupa zake zaweza kungoja miaka 30. Crozes-Hermitage inayokizunguka ni kubwa mara nyingi zaidi, na ni ya miaka 4 hadi 8. Usichanganye hizo mbili. Kusini, Châteauneuf-du-Pape huruhusu aina 13 za zabibu, Grenache ikiongoza. Kilevi hufika asilimia 15, na ikihifadhiwa kwenye joto huonyesha ubaya huo haraka kuliko mvinyo mwingine. Gigondas hutoa sehemu kubwa ya ladha hiyo kwa bei ya chini.

Bonde la Loire ndilo linalodharauliwa bila haki. Chinon na Bourgueil, zote za Cabernet Franc, zikitoka kwa watu kama Charles Joguet au Bernard Baudry hungoja miaka 10 kwa bei ambayo Bordeaux haikupi hata mwaka mzuri. Vouvray tamu ya Huet ni ya kurithisha. Sancerre nyingi ni za kunywa mapema.

Alsace: Riesling kavu, Trimbach ikiwa mfano ulio wazi. Baadhi ya wazalishaji wengine huacha sukari, kwa hiyo tazama kipimo cha utamu kilichochapwa kwenye lebo. Bandol, ambayo Mourvèdre lazima iwe angalau nusu, na Madiran ya Tannat ni ngumu kama mbao zikiwa changa. Zipe miaka 8. Kutoka Beaujolais weka Morgon na Moulin-à-Vent pekee.

Champagne yenye mwaka kwenye lebo lazima ikae kwa mzalishaji miezi 36 kabla ya kuuzwa, na hunufaika na miaka mitano zaidi kwako. Isiyo na mwaka hutoka tayari. Tafuta herufi ndogo chini ya lebo: RM ni mkulima anayetengeneza zabibu zake, NM ni nyumba inayonunua zabibu, MA ni jina la dukani lililobandikwa kwa oda.

Sauternes na Barsac nunua katika nusu chupa za sentilita 37.5. Kuvu anayeitwa Botrytis hunyonya maji ya zabibu na kuacha sukari, na mwaka ambao hakuja vizuri hakuna la kufanya. Château d'Yquem haikutoa mvinyo wake kabisa mwaka 2012. Suduiraut, Coutet na Guiraud hungoja miaka 20 bila taabu. Ndizo chupa zinazosamehe makosa ya mwenye stoo kuliko zote.

Kusoma lebo na mwaka

Tafuta mstari wa *Appellation ... Contrôlée* au *Protégée*, unaotaja eneo la asili: kadiri jina lililo katikati linavyokuwa dogo kwenye ramani, ndivyo masharti yanavyobana. Pauillac ni ndani ya Haut-Médoc, Haut-Médoc ni ndani ya Bordeaux. Kisha mstari wa aliyejaza chupa. *Mis en bouteille au château* au *au domaine* maana yake mwenye shamba ndiye aliyejaza. *Mis en bouteille dans nos caves* inasikika vilevile, ila haisemi chochote kuhusu shamba. *Vieilles vignes*, mizabibu mizee, haina umri uliowekwa na sheria. Mmoja huandika kwa mizabibu ya miaka 70, mwingine kwa ya 25.

Kuhusu mwaka, kanuni ya kutumia ni hii: mwaka mkubwa nunua majina madogo, mwaka dhaifu nunua majina makubwa na uyanywe mapema. Mwaka mkubwa huinua hata mkulima wa kawaida, wakati wenye majina wamekwisha pandisha bei. Bordeaux, 2010 na 2016 ni za subira ndefu. 2015, 2018, 2019, 2020 na 2022 ni za jua na zina mengi mazuri. 2014 iliachwa kivulini na bei zake zimekaa vizuri. Mwaka 2013 upite. Mwaka 2017 na 2021 jalidi ya Aprili iliunguza machipukizi. Mivinyo ni myepesi na si ya kungoja sana. Burgundy nyekundu tafuta 2015, 2019 na 2020, nyeupe 2014 na 2017. Châteauneuf 2016. Sauternes 2001 ukiipata, usibishane sana na bei.

Kununua bila kuumia

Chupa ya miaka 15 ina wasifu, na huo ndio unaonunua. Muulize muuzaji maswali matatu: aliipata kwa nani, lini, na ilihifadhiwa kwa joto gani. Jibu la "ilikuwa ya mzee mmoja" si jibu. Kisha itazame kwenye mwanga:

- Kimo cha mvinyo. Chupa ya Bordeaux iliyo chini ya miaka 15 iwe imejaa hadi shingoni. Ikiwa juu ya bega kwa miaka 25 ni kawaida. Katikati ya bega, acha, isipokuwa unapenda kamari. Burgundy haina mabega; pima sentimita kutoka kizibo: mbili kwa changa, hadi nne kwa mzee wa miaka 30.
- Kizibo. Kikichomoza juu ya mdomo, chupa ilipata joto. Michirizi ya kunata chini ya foili ni ushahidi huohuo.
- Foili. Kwa nyingi, foili hujizungusha ukiishika. Iliyogandamana na kizibo huenda mvinyo ulivuja. Si kipimo cha peke yake.
- Rangi. Mweupe wa miaka minne wenye rangi ya chai, rudisha rafuni.

Lebo iliyochafuka au kuoza kwa unyevu haipunguzi ubora. Mara nyingi ni dalili njema, stoo ilikuwa na unyevu. Tumia hilo kuomba punguzo.

Dukani, usichukue chupa iliyosimama dirishani, wala iliyo rafu ya juu karibu na taa. Omba ile iliyo ndani ya boksi.

Kuna pia kununua mvinyo ukiwa bado kwenye pipa, wanaouita *en primeur*: unalipa majira ya kuchipua baada ya mavuno, na chupa hufika miaka miwili hivi baadaye. Bei hutangazwa bila kodi ya Ufaransa ya asilimia 20 na bila usafiri. Zamani punguzo lilikuwa la maana. Wengi walionunua 2010 kwa bei za siku ile waliona soko likishuka chini yao miaka iliyofuata. Ifanye kwa château ndogo zisizopatikana baadaye, au kama unataka magnum za lita 1.5, ambazo hukomaa polepole kuliko chupa. Vinginevyo subiri mvinyo ufike dukani.

Ukiagiza kutoka Ulaya hadi Mombasa au Dar es Salaam, hatari ni kontena. Kontena kavu lililokaa juani bandarini laweza kupita 50°C ndani, na safari nzima ya uangalifu inaishia hapo. Lipia kontena la baridi au ndege. Wakala wa forodha akupe jumla ya ushuru kwa maandishi kabla hujaagiza. Kwa chupa chache, mara nyingi ushuru na usafiri huzidi bei ya mvinyo wa kawaida, kwa hiyo ni chupa za bei ya kati na juu tu zinazostahili safari.

Bandia ziko kwenye majina makubwa. Mwaka 2008, Laurent Ponsot wa Burgundy alisimamisha kuuzwa kwa chupa za Clos Saint-Denis zenye jina la nyumba yake kwenye mnada New York: zilidai kuwa za miaka ya 1945 hadi 1971, wakati nyumba yake ilianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980. Aliyezileta, Rudy Kurniawan, alihukumiwa miaka kumi jela mwaka 2014. Kwa mnunuzi wa Chinon na Cru Bourgeois hofu hii haipo; hakuna anayeghushi chupa ya euro 20 ya Fronsac.

Chupa 36 za mwanzo

Usinunue chupa moja moja. Sita za aina moja ndizo kipimo: ya kwanza fungua mapema kupima, mbili wakati inapoanza kulainika, mbili kileleni, ya mwisho kwa ujasiri. Mpango wa kuanzia: 12 za Bordeaux ya kiasi (sita za ukingo wa kushoto, sita Fronsac), sita za château moja ya daraja la 1855, sita za Burgundy nyekundu kutoka Mercurey au Savigny, sita za Cornas au, fedha ikibana, Saint-Joseph, jirani yake ya Rhône. Kisha Riesling tatu za Alsace na nusu chupa tatu za Sauternes. Gawanya ununuzi huo katika miaka miwili ili mavuno yatofautiane. Ukinunua zote mwezi mmoja, zitakomaa mwaka mmoja na utazikimbiza.

Andika kwenye daftari au lahajedwali: jina, mwaka, idadi, bei, tarehe, rafu, na miaka ya kuanza na kumaliza kunywa. Fungia kila shingo kikaratasi chenye mwaka wa kufungua, kisomeke bila kuvuta chupa.

Jua pia kwamba mvinyo mwekundu wa kuweka hupita kipindi cha kujifunga. Bordeaux ya miaka miwili inaweza kunukia vizuri, ya miaka mitano ikawa bubu, ya miaka kumi na mbili ikazungumza tena. Ukifungua ya kwanza ukakuta haina harufu na tanini imesimama, haijaharibika. Funga mlango urudi baada ya miaka mitatu.

Iliyoharibika hujitambulisha kwa njia nyingine. Harufu ya gunia bichi au boksi lililoloa ni kizibo, kwa kemikali iitwayo TCA. Haina dawa, na muuzaji mwaminifu hubadilisha. Jamu na zabibu kavu kwenye mvinyo mchanga ni joto. Kiberiti au yai ni kukosa hewa tu, mimina kwenye jagi usubiri nusu saa. Harufu ya zizi la farasi ni hamira ya Brettanomyces. Kidogo wengine huipenda kwenye Châteauneuf, nyingi humeza tunda lote.

Siku ya kufungua mwekundu mzee, simamisha chupa saa 24 hadi 48 kabla ili mashapo yazame. Kwa kizibo cha zaidi ya miaka 20, tumia kizibuo cha ndimi mbili zinazopita pembeni, maana cha skrubu hukivunja. Mimina taratibu bila kusimama, tochi ya simu ikiwa chini ya shingo, na uache mara tu uzi mweusi wa mashapo unapofika begani. Wa miaka 30 unywewe papo hapo, kwani hewa humaliza kilichobaki. Cornas ya miaka 9 ipe saa mbili kwenye jagi. Mwekundu uingie glasini ukiwa 16 hadi 18°C. Ule ushauri wa "joto la chumba" ulikuwa wa vyumba vya Ulaya kabla ya mashine za kupasha joto. Tanga au Bujumbura, chupa iliyokuwa mezani tangu asubuhi iingie friji ya jikoni nusu saa kwanza.